Askari akirudi, hesabu za mpakani ndipo huanza

Filamu za mapenzi za askari aliyerudi vitani zina soko lake Busia na Tororo. Upande wa Uganda, VJ huzieleza kwa Kiluganda juu ya sauti ya wenyewe. Upande wa Kenya, wapenzi wa filamu wamezoea maelezo ya Kiswahili ya aina ya DJ Afro. Mama akishafunga meza jioni, hadithi hiyo humgusa, kwa sababu huenda naye ana wake aliyeko mbali na bunduki begani.

Mfano mmoja ni Dear John, filamu ya Marekani ya mwaka 2010. John, askari aliye likizoni, anapendana na Savannah. Wanaandikiana barua. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, John anaongeza muda wake jeshini, na hatimaye inafika barua ya kumwambia kuwa mchumba wake anaolewa na mwingine. Miaka ikipita, John anarudi, anamkuta mume wa Savannah akiugua saratani, na anauza sarafu za thamani alizoachiwa na babake ili mgonjwa huyo apate matibabu. Mwishoni, mume akiwa amekwisha kufa, wapenzi hao wanakumbatiana na taa zinawashwa.

Watazamaji wengi hukumbuka lile kumbatio. Mfanyabiashara angefaa kukumbuka zile sarafu. Hapo ndipo filamu inaposema kweli: mapenzi ya askari yana upande wa pesa, na upande huo hauishi akirudi. Mpakani ndiko unakoanzia hasa.

Uganda ilipeleka wanajeshi wake Somalia Machi 2007. Kenya iliingia huko Oktoba 2011, na mwaka uliofuata majeshi yake yakawa chini ya Umoja wa Afrika. Novemba 2022, jeshi la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza kufika mashariki mwa Congo, likaondoka Desemba 2023. Kwa hiyo vita si habari ya nchi za mbali. Tororo ina kambi ya Rubongi, na vijana wa Mwello, Malaba na Busia wamevaa sare za nchi mbili tofauti.

Wapo waliorudi salama. Wapo ambao hawakurudi. Kambi ya El Adde ilishambuliwa tarehe 15 Januari 2016 na Kenya ikapoteza askari wengi. Tarehe 26 Mei 2023 ikawa zamu ya Waganda kule Buulo Mareer. Rais Museveni mwenyewe alitangaza kuwa waliouawa walikuwa 54.

Sasa chukua mfano wa mama wa upande wa Kenya, muuza mitumba, aliyeolewa kimila na askari wa Uganda. Jambo hilo si geni, maana Wasamia na Wateso wako pande zote mbili na mahari huvuka mpaka bila kugongwa muhuri. Posho ya bwana ndiyo iliyonunua marobota ya kwanza. Bwana akifa kazini, fidia ya Umoja wa Afrika kwa familia ya marehemu ni dola 50,000. Swali la kwanza atakaloulizwa mama huyo ni hili: wewe ni nani wake? Wazee waliokula mahari wanamjua. Faili la jeshi linajua jina lililoandikwa kwenye fomu siku kijana alipojiunga, na mara nyingi huwa ni la mama mzazi au la kaka.

Na akirudi hai, pengine amerudi mguu mmoja, au usiku anaruka kitandani kila boda boda ikipiga mlipuko. Ni nani atakayemuuguza? Ni huyo huyo mama, na mtaji wa mitumba ndio utakaogeuka nauli ya hospitali na dawa. Hili halionekani kwenye filamu, kwa kuwa filamu imeshakwisha.

Kuna watakaosema mambo ya jeshi ni siri ya kila nchi. Ni kweli, mipango ya vita ni siri. Lakini mke si siri. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya kimila na kutaka iandikishwe. Uganda ina sheria ya kuandikisha ndoa za kimila tangu 1973. Kinachokosekana ni daraja kati ya daftari hizo mbili. Jumuiya iliyoweza kuwaweka maafisa wa forodha wa nchi mbili chini ya paa moja pale Busia, kituo kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, haiwezi kushindwa kuweka dawati moja la familia za askari. Kama robota la mitumba hukaguliwa mara moja likapita, cheti cha ndoa nacho kikubaliwe mara moja pande zote mbili.

Wakati serikali zikijivuta, wafanyabiashara wasikae kungoja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ndoa ya askari ni hivyo hivyo. Kabla bwana hajapanda gari la kambini, waende pamoja kuandikisha ndoa. Ahakikishe jina la mke na ya watoto yamo kwenye faili lake. Mtaji uliotokana na posho uandikwe pembeni, na ijulikane upi wa mama na upi wa nyumba. Kufanya hivyo si kumtabiria mtu kifo. Ni kumlindia nyumba anayotaka kuirudia.

Siku moja mtu wa Tororo au Busia atatengeneza filamu ya askari wetu na mke wake wa ng'ambo. Filamu hiyo isiishie kwenye kumbatio. Ianzie hapo, kesho yake asubuhi, wawili hao wakiwa kwenye foleni, yeye na gongo lake, mkewe na bahasha ya vyeti, na karani akiwapokea bila kuuliza wametoka upande gani.