Jina Moja, Watu Wawili

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukoo nao ni mali. Jamaa za askari hulijua jambo hilo kuliko wengine. Baba huhamishwa kituo hadi kituo, watoto huzaliwa ugenini, na siku ya kuandika majina ya warithi ndipo inapobainika kuwa hakuna alijuaye jina la mama yake bibi.

Wenyeji wa Nchelenge, kwenye ufukwe wa Ziwa Mweru nchini Zambia, wanapowatafuta wazee wao katika hesabu za zamani, hukutana na vikwazo vitatu.

Cha kwanza ni hesabu yenyewe. Hesabu kamili ya Waafrika wa nchi hiyo, iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini, haikufanywa ila mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kabla ya hapo watu waliandikwa hasa kwa ajili ya kodi, kijiji kwa kijiji. Aliyetafutwa ni mlipaji, yaani mwanamume. Kumbe katika bonde la Luapula mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake! Basi daftari la kodi humtaja baba, na ukoo hubaki nje ya daftari.

Cha pili ni kuhama. Ugonjwa wa malale ulipoenea, kabla ya Vita Kuu ya 1914, serikali ya Kampuni iliwaondoa watu ufukweni, wakarudi miaka mingi baadaye. Kijiji kikikosekana mahali pake, si lazima kuwa kilikufa. Huenda kiliandikwa kwingine.

Cha tatu huwapoteza hata wasomi. Mtu akifa, mrithi wake hulichukua jina lake pamoja na nafasi yake katika ujamaa. Mtaalamu Ian Cunnison, katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya watu wa Luapula, alieleza kuwa mrithi husimulia matendo ya marehemu kwa kusema "mimi". Kwa hiyo jina lililoandikwa mwaka 1920 na likaonekana tena mwaka 1950 laweza kuwa la watu wawili, mjomba na mpwa wake.

Kumbukumbu za wilaya zilizosalia zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa mjini Lusaka, nazo zina faida kubwa. Lakini anayezifungua hana budi kwanza kumwuliza mzee maswali matatu: mama alikuwa wa ukoo gani, kijiji kilihama kutoka wapi, na jina hili lilirithiwa kwa nani.

Majibu hayo yaandikwe nyumbani, katika daftari la kawaida la shule, na majina ya akina mama yatangulie. Ni kazi ya jioni moja. Isingoje msiba.