Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa KSL: Mlima Kenya Nako Kuna Mahakama

Kwa Mkurugenzi na Bodi,
Chuo cha Mafunzo ya Uanasheria, KSL,
Karen, Nairobi.

Nakala: Baraza la Elimu ya Sheria

KUH: KITUO CHA MAFUNZO YA UWAKILI MLIMA KENYA

Mkurugenzi mheshimiwa,

Mimi ni mzazi na mkulima wa majani chai hapa Othaya, Kaunti ya Nyeri. Ninaandika kwa niaba yangu tu, ingawa najua wazazi wengi wa huku wangetia sahihi. Ombi ni moja: mwanafunzi anayetaka kuwa wakili asilazimike kuhamia Karen ili asome mwaka wake wa mwisho. Tufungulieni kituo huku.

Nieleze kwanza jinsi familia inavyochagua chuo cha sheria. Mtoto akipata C+ katika KCSE, na B ya Kiingereza au Kiswahili, anahesabiwa kuwa amefikia kiwango cha kusomea sheria. Hapo karatasi na kalamu hutolewa. Kuna Parklands, Nairobi, yenye jina kubwa la Chuo Kikuu cha Nairobi. Hata Chuo Kikuu cha Mount Kenya, chenye jina la mlima wetu, hufundishia sheria huko huko Parklands. Upande wa pili kuna Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Chuka, vyote vya umma, vyote chini ya mlima.

Sisi tulichagua Embu. Chumba cha binti yetu kilikuwa 4,000 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi alipanda matatu kupitia Kutus na Karatina, akafika nyumbani, akarudi Jumapili na viazi, mahindi na maharagwe ya kumfikisha mwezi mwingine. Hakuna mtu aliyetuambia Embu ni bora kuliko Parklands. Tulitazama mfuko, tukatazama umbali, tukaamua. Kila mtu hujikuna ajipatapo.

Lakini shahada ya miaka minne haimfanyi mtu kuwa wakili. Bado kuna mafunzo yenu, kisha miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili. Na hapa uamuzi wetu wote wa awali unakosa maana, kwa sababu aliyesoma Embu, aliyesoma Chuka, aliyesoma Eldoret na aliyezaliwa Lang'ata wote wanaelekezwa Karen. Wa Lang'ata atalala kwao. Wangu atatafuta nyumba Rongai, ambako tumeulizia bedsita tukaambiwa 9,000. Tofauti na Embu ni 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka, kabla hajala, kabla hajapanda matatu, na kabla hatujataja karo yenu. Sisi wa chai pesa ya maana huiona mara moja kwa mwaka, bonasi inapotoka. Mwenye nyumba wa Rongai hangoji bonasi.

Wapo vijana wa huku walio na shahada ya sheria na hawajawahi kuvuka hatua hii. Si kwamba walianguka mtihani. Hawakufika kwenye mtihani.

Mkurugenzi, chuo chako kinaijua hadithi hii kuliko mimi. Kabla ya uhuru, Mkenya aliyetaka kuwa wakili alisafiri hadi Uingereza, akasomea sheria za watu wengine kwa gharama ambayo wachache waliimudu. Kamati ya Denning ilichunguza jambo hilo na kutoa ripoti mwaka 1961. Mwaka huo huo kitivo cha sheria kikaanza Dar es Salaam, na mwaka 1963 KSL ikaanzishwa Nairobi. Waliokianzisha chuo chako walikubali kwamba mafunzo ya uwakili yanapaswa kumfuata mwanafunzi kwao. Kazi hiyo waliianza. Haikukusudiwa kuishia Nairobi.

Wenzetu wameshaelewa. Kituo cha Law Development Centre cha Uganda, kilichokuwa Kampala pekee tangu 1970, sasa kina matawi Mbarara na Lira. Nigeria ina chuo kimoja cha mawakili chenye kampasi Lagos, Abuja, Kano, Enugu, Yola na kwingineko. Mtihani wao ni mmoja na cheti ni kimoja. Sijasikia mtu akisema wakili aliyefunzwa Kano ni nusu wakili.

Mtaniambia walimu wenu ni mawakili na majaji, na hao wako Nairobi. Njooni basi mtembelee mahakama za Nyeri siku ya kazi. Mahakama ya Rufaa ina kituo hapa. Mahakama Kuu ipo, ya Ardhi na Mazingira ipo, ya Ajira na Leba ipo. Mahakama Kuu ipo pia Embu, Meru, Kerugoya na Murang'a. Nyeri haikuanza jana kusikiliza kesi nzito: Dedan Kimathi alihukumiwa kifo mjini humu Novemba 1956. Kwenye baraza la mahakama utakuta wazee na kina mama wamekumbatia bahasha za kaki zenye hati za shamba na barua ya chifu, wengi wao wakifuatilia mirathi ya mzazi aliyefariki zamani. Mirathi ni mojawapo ya masomo tisa mnayofundisha. Mwanafunzi atajifunza mengi kwenye rejista ya Nyeri asubuhi moja, na yule mama mwenye bahasha huenda akapata mtu wa kumsomea karatasi zake.

Wala sisemi mjenge majengo. Epukeni gharama za ujenzi kwa kukodi kumbi za vyuo vikuu vilivyoko huku. Anzeni na darasa moja. Mihadhara mingine inaweza kufuatiliwa kwa mtandao, kama tulivyozoea wakati wa Korona, lakini utetezi mahakamani haufunzwi kwa simu, tena kwenye miteremko yetu mtandao hukatika mvua ikinyesha. Kwa hiyo pawe na kituo chenye walimu. Miradi na mitihani ya mdomo, ambayo hubeba asilimia 40 ya alama, isimamiwe hapa. Baraza la Elimu ya Sheria nalo liweke huku kituo cha mtihani wa maandishi.

Kifungu cha 6 cha Katiba ya 2010 kinaitaka kila taasisi ya kitaifa ihakikishe huduma zake zinafikika ipasavyo kote nchini, kwa kadiri aina ya huduma inavyoruhusu. Ninyi mnafundisha Katiba hiyo. Kama huduma yenu ni ya aina isiyoweza kutoka Karen, tuelezeni kwa nini ya Uganda inaweza.

Naomba jibu la hadharani kabla ya mwaka ujao wa masomo. Likiwa ndiyo, tajeni mji na mwaka. Likiwa la, chapisheni makadirio kamili ya gharama za kusomea Karen mwaka mzima: karo, kodi, nauli na chakula. Watoto wanaojaza chaguo la sheria leo kwenye KUCCPS, mfumo wa kuwapangia wanafunzi vyuo, wana haki ya kuiona bei yote kabla ya kuanza safari, na wazazi wao pia.

Wako mwaminifu,
Mzazi na mkulima,
Othaya, Nyeri