Tuache Kusubiri Jibini ya Meli

Mgeni anayehamia kisiwani Mafia kikazi, awe mpiga mbizi, mtafiti wa papa potwe au meneja wa hoteli, hupewa ushauri uleule na kila aliyemtangulia: jibini beba kutoka kwenu, huku hakuna. Akiisahau, ataelekezwa kwenye supamaketi za Dar es Salaam zinazouza vitu vya nje, akanunue kwa bei yoyote atakayotajiwa. Na Mtanzania aliyekaa Ulaya miaka kadhaa akarejea nyumbani husema hayohayo, tena kwa sauti ya mtu aliyeona. Imani hii imezoeleka hata haihojiwi tena: jibini nzuri ni ya Ulaya, ya hapa ni ya kubahatisha. Mimi naihoji, kwa sababu ni potofu na ina madhara. Anayeumia kwanza ni mfugaji wetu.

Tuanze na safari ya hiyo jibini. Chukua mozzarella, ambayo hoteli za Utende, hukohuko Mafia, huiweka mezani pamoja na nyanya na majani ya mrehani. Kwao Italia, hasa Campania, mtu huinunua asubuhi na kuila siku hiyohiyo. Utamu wake wote uko katika maziwa mapya ambayo bado yamo ndani yake. Sasa ifuate mpaka kwetu: ghala la Ulaya, kontena, bandari, ghala la pili, rafu ya duka, kasha la barafu, ndege ndogo mpaka Kilindoni, kisha gari mpaka jikoni kando ya Ghuba ya Chole. Kila inapobadilisha mkono inapoteza kitu. Inapomfikia mgeni imebaki na jina lake na bei yake. Halafu tunaambiwa hiyo ndiyo bora, na iliyokandwa Njombe juzi ni ya kubahatisha!

Tena jibini ya nje ambayo wengi wetu tunaila si hata hiyo. Ni zile pembetatu zilizofungwa kwa karatasi ya fedha, vipande vilivyokatwa tayari vya kuwekwa kwenye mkate, na ile ya kopo. Hiyo ni jibini iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chumvi maalumu ili isiharibike. Waswisi waliibuni mwaka 1911, na shabaha yao ilikuwa bidhaa itakayostahimili safari ndefu na masoko ya joto. Jamaa zetu wa Maskati huipaka kwenye mkate mwembamba wa rakhal, wakanywea chai ya maziwa, na wanaifurahia. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na anayeiweka bidhaa iliyobuniwa ili idumu juu ya chakula kilichotengenezwa ili kiwe kitamu, kwa sababu tu pakiti yake imeandikwa lugha ya kigeni.

Wanaotetea vitu vya nje hupenda kuitaja historia ya pwani. Husema sisi watu wa bahari tumeishi kwa bidhaa za ng'ambo tangu enzi, na huko Kua ushahidi umelala chini. Basi twende Kua. Magofu yake yapo kisiwani Juani, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, na wageni huvushwa huko kwa mashua kwa kufuata maji. Mji ule uliangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mapema karne ya 19, watu wake wakachukuliwa utumwani, na tangu hapo miti imezitwaa nyumba za mawe, misikiti na jumba la watawala. Vigae vya vyombo vya kigeni vimeonekana pale, vya China vikiwemo. Ni kweli kabisa kwamba watu wa Kua walikuwa wateja wa dunia nzima ya Bahari ya Hindi.

Lakini tazama walichokiagiza. Bakuli la kaure laweza kukaa baharini miezi mingi likafika kama lilivyotoka, na ufundi wa kulitengeneza haukuwepo kwetu. Hapo kuagiza kuna akili. Samli nayo ilisafiri tangu zamani sana: Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza, unaitaja miongoni mwa bidhaa zilizotoka India kwenda pwani ya Somalia. Samli imeshatolewa maji, joto halifanyi haraka kuiharibu. Wafanyabiashara wa jahazi walizijua bidhaa zao, wakatofautisha kinachosafiri na kisichosafiri. Ndani ya bakuli la China mtu wa Kua alipakua samaki na kombe wa ghuba hiihii. Yeye hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba chakula kibichi huliwa karibu na kinakotoka. Sisi wenye friji na ndege ndio tumesahau.

Nazitazama pia kuta za Kua na kuona maradhi yaleyale kwa sura nyingine. Wasomi wa enzi za ukoloni walipoiona miji ya mawe ya pwani walikimbilia kusema kwamba ni kazi ya wageni kutoka Uajemi na Arabuni, Mwafrika akiwa mtazamaji. Waakiolojia wa baadaye, akiwemo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye alichimba hata hapo Juani, wamelibomoa dai hilo na kuonyesha kwamba mizizi ya miji hii ni ya watu wa hapahapa. Mawe yenyewe ni matumbawe ya bahari yetu na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Ilichukua miongo mingi kulikubali jambo hilo lililokuwa wazi machoni, na sababu ni ileile inayotufanya leo tukiona jibini nzuri tuulize kwanza imetoka nchi gani.

Anayedhani ufundi wa jibini hauwezi kukaa Afrika ya Kati na Mashariki aitazame Masisi, Kivu Kaskazini. Mapadri kutoka Ulaya waliuleta ufundi wa gouda kwenye milima ile karne iliyopita, wenyeji wakaushika, ukawa wao. Maziwa hukamuliwa malishoni na kupelekwa yangali na uvuguvugu wa ng'ombe kwenye vibanda vya mbao. Humo hugandishwa kwa kimeng'enya, hukatwa, hushindiliwa kwenye kalibu, hutiwa kwenye maji ya chumvi, kisha magurudumu ya jibini hupangwa kwenye rafu yakomae. Umeme si lazima. Baridi ya mlima hufanya kazi ambayo Ulaya hufanywa na mapango na maghala. Magurudumu hayo hushuka Goma kwa pikipiki na magari, na mengine yalikuwa yakipanda ndege mpaka Kinshasa. Ardhi ile imepigwa na vita kwa takriban miaka thelathini, wafugaji wameporwa mifugo na kuhamishwa, na Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Masisi na Goma yenyewe. Ufundi haujafa. Watu wanaogandisha maziwa huku risasi zikilia ng'ambo ya kilima hawastahili kuambiwa kwamba jibini ni mambo ya Wazungu.

Na kwetu? Njombe ni baridi, ina malisho, na kiwanda chake kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa wafugaji wa huko na shirika la Kiitalia la CEFA kimetengeneza caciotta, provolone na mozzarella kwa maziwa ya wafugaji wadogo. Tanga ina kiwanda cha Tanga Fresh, kilichozaliwa miaka ya 1990 kutokana na ushirika wa wafugaji wa maziwa. Jirani zetu wa Kenya wana jibini za Tigoni, Limuru, ambazo hoteli za Nairobi huzipakua bila kuomba radhi kwa mtu.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu la haki: jibini nyingine za hapa ni mbaya. Kweli. Kuna zilizo kama mpira wa kandambili, kuna zenye chumvi ya kukausha papa, kuna zisizo na ladha kabisa. Lakini uliza kwa nini. Kilo moja ya jibini ngumu hula lita kumi hivi za maziwa. Mwenye kiwanda hulipa maziwa hayo leo, ilhali jibini ikihitaji kukaa miezi miwili, mitatu, au zaidi ili ipate ladha. Nani atamvumilia muda huo? Mnunuzi mwenye fedha, yaani hoteli na mkahawa, ameshaamua kwamba ataagiza nje. Basi mtengenezaji huiuza jibini ikiwa mbichi, kwa yeyote atakayeichukua, ili kesho aweze kulipa maziwa mengine. Kisha mwenye hoteli huionja ile mbichi, hukunja uso, na kusema, nilijua. Imani inazaa ubaya, ubaya unaithibitisha imani. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 hupeleka kiwandani sehemu ndogo mno ya maziwa yake, takriban asilimia 3, ilhali ina Bodi ya Maziwa, Sheria ya Maziwa tangu 2004 na Wiki ya Maziwa kila mwaka. Tatizo ni yule mnunuzi aliyekata shauri kabla ya kuonja.

Sisemi tufunge bandari. Parmigiano hukomaa kwa uchache miezi 12 na husafiri bila kudhurika. Aipendaye ainunue, kama watu wa Kua walivyonunua kaure. Edam iliyofunikwa nta ilisafiri na mabaharia wa Kiholanzi karne nyingi zilizopita. Hizo zina sababu ya kupanda meli. Mozzarella, jibini laini ya kupaka na mtindi mzito havina sababu, na kuviagiza Ulaya huku Njombe na Tanga zikitafuta soko ni ubadhirifu unaovaa joho la ubora.

Kwa hiyo nasema na nyinyi wenye hoteli za Utende, Unguja na Arusha, kwa sababu mkono wenu ndio mrefu. Ingieni mkataba na kiwanda cha hapa: kilo kadhaa kila mwezi, bei iliyokubaliwa, na sehemu ya malipo itangulie ili jibini iachwe ikomae. Ikija mbaya irudisheni na mseme kasoro ni nini, kama mnavyomrudishia mvuvi samaki aliyelala. Kwenye menyu andikeni jina la mahali ilikotoka. Na wewe mgeni unayefunga mizigo kuja Mafia, nafasi ya jibini kwenye sanduku lako ijaze vitabu.