Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: Wafuateni Wanaowawinda Watoto Wetu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,
Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa sekondari na mama, kuhusu jambo ambalo siku hizi halikosekani kwenye kikao chochote cha wazazi: watoto, simu, na yale wanayoyaona humo. Ajenda ikifika hapo, husimama mzazi mmoja akasema serikali ifunge. Ifunge hiyo mitandao yote ya hovyo, watoto wasome. Ukumbi mzima hupiga makofi. Nayaelewa makofi yale, maana hofu ya mzazi yule ndiyo hofu yangu. Hata hivyo ombi langu kwako ni jingine. Msituamulie watoto wetu waone nini. Tumieni nguvu yote ya sheria mliyonayo kuamua nani asiweze kuwafikia.

Nianze na hilo la kufunga, kwa sababu limeshafanyika. Mei 2025 mtandao wa X ulizimwa nchini, na serikali ikaeleza kwamba unaruhusu picha za ngono kinyume cha sheria na maadili yetu. Kwamba unaziruhusu ni kweli. Kampuni yenyewe iliandika hivyo waziwazi kwenye kanuni zake mwaka 2024. Lakini pazia lililoshushwa liliwafunika watu wazima wote: mwandishi wa habari, mfanyabiashara, mhadhiri, daktari anayefuatilia wenzake wa nchi nyingine. Tena lilishushwa katika mwaka wa uchaguzi, wakati mtandao huo ulikuwa uwanja wa mabishano makali ya siasa. Sikukutana na mzazi hata mmoja aliyeamini kwamba watoto ndio waliokuwa wakilindwa. Hili linaniuma kuliko kuzimwa kwenyewe. Jina la watoto likitumika mahali ambapo wananchi hawaliamini, siku litakapohitajika kwa dhati hakuna atakayelisikiliza.

Na nyumbani kilitokea nini? Watu walipakua VPN. Baba alipakua ili asome habari zake, simu akaiacha mezani, mtoto akaichukua. Programu hiyo haichagui. Ikishafungua njia ya X imefungua njia ya kila kitu, pamoja na tovuti chafu zilizokuwa zimezuiwa tangu zamani. Uingereza nako, Julai 2025, sheria ilipoanza kuzilazimisha tovuti za ngono kuhakiki umri wa wanaoingia, programu za VPN zilipanda kileleni mwa orodha ya zinazopakuliwa. Kwetu hali ni nzito zaidi kwa sababu kilichofungwa ni kitu ambacho watu wazima walikuwa wakikihitaji kila siku. Ukimfungia mzazi, umempa sababu ya kuingiza ufunguo ndani ya nyumba.

Chukua Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, ambazo ofisi yako ndiyo inayozisimamia. Jedwali la Tatu liliorodhesha maudhui yaliyopigwa marufuku. Humo zilikuwamo picha za ngono za watoto, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelitetea. Lakini orodha hiyohiyo ilikuwa na kauli zinazoshusha hadhi ya Jamhuri ya Muungano, na taarifa za mlipuko wa ugonjwa zilizotolewa bila kibali cha mamlaka. Mtu anayeuza picha za mtoto na mtu anayesema kijijini kwao kuna kipindupindu waliwekwa meza moja. Mzazi anayetaka mtoto wake alindwe analazimika kuyaunga mkono na hayo mengine, na anayeyapinga hayo mengine anaonekana hajali watoto. Kama kweli mnataka tuwaamini, yatenganisheni. Yanayomhusu mtoto yawe na kanuni zake peke yake, fupi, zisizogusa siasa hata kwa nukta moja.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niogope ofisi, ofisi yoyote ile, kupewa kalamu ya kuandika mtoto aone hiki na asione kile. Septemba 2018 Wizara ya Afya iliagiza matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa redioni na kwenye televisheni yasimamishwe. Hayakuwa matusi wala picha za aibu, yalikuwa elimu ya afya. Miaka hiyohiyo msichana aliyepata mimba alikuwa hawezi kurudi kwenye shule ya serikali, na zuio hilo lilikuja kuondolewa Novemba 2021. Wakubwa wale wa 2018 wangekuwa na uwezo wa kuchuja kila ukurasa anaoufungua binti wa miaka 14, binti huyo angejifunza wapi siku za hatari, au dalili za mimba, au kwamba maumivu anayoyapata kila mwezi yana tiba? Mimi ninawafundisha mabinti hao. Wanaingia kidato cha pili na maswali ambayo wanaona aibu kuyauliza kwa mdomo, wanayaandika kwenye vikaratasi. Mashine ya kuchuja maneno haijui tofauti ya anayetafuta uchafu na anayetafuta kujua mwili wake. Ofisa mwenye haya nyingi naye wakati mwingine haijui.

Wengine watasema basi tuchuje kwa umri, watu wazima waachwe. Hapo ndipo wanaponukuu Australia, ambako tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa ya kijamii hairuhusiwi kumpa akaunti aliye chini ya miaka 16. Sheria ile ina jambo moja ninalolipenda sana: mzigo wote umewekwa juu ya kampuni, na faini inaweza kufika dola milioni 49.5 za kule, wala mtoto na mzazi hawaadhibiwi. Lakini umri wa mtoto wa Kitanzania utaujuaje? Laini tulizisajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kitambulisho hicho cha taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za mtandao wa simu mara nyingi mtoto hayupo. Yupo mama yake. Simu ni moja. Asubuhi inapokea pesa za wateja wa genge, jioni mtoto wa darasa la sita anaangalia katuni, usiku kaka yake wa kidato cha tatu anaichukua akidai ana kazi ya shule. Ukimzuia mmoja umewazuia wote watatu, na ukimruhusu mmoja wote wameruhusiwa.

Wala si kila kitu hupita kwenye intaneti. Kuna vibanda vinavyojaza video kwenye memori kadi kwa bei ya soda, na kuna vibanda umiza vinavyoonyesha filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, filamu zinapangiwa umri, na bado Jumamosi mchana utawakuta watoto wa miaka minane kwenye benchi la mbele wakiangalia watu wanachinjana.

Nani basi aamue? Pwani na bara, mkuu wa wilaya hakuwahi kupanga mwari aambiwe nini. Ilikuwa kazi ya kungwi, somo, shangazi, bibi. Na walijua la kusema kwa mtoto na la kumwachia aliyevunja ungo. Wengi wa watu hao hatunao tena, na sisi wazazi tuliobaki na nafasi yao tumenyamaza. Lazima niseme hivyo, kwa sababu kunyamaza kwetu ndiko kunakoifanya serikali ionekane mlezi wa mwisho. Mzazi anayepiga makofi mlango ufungwe, mara nyingi hajawahi kukaa na mwanawe dakika kumi wakazungumza kuhusu kilichomo kwenye simu. Shule nazo zimechagua njia rahisi. Simu ni marufuku, ukikamatwa nayo unaijua adhabu, na mazungumzo yameishia hapo. Mwanafunzi wa bweni anaishi miezi bila simu wala neno moja kuhusu simu, halafu likizo ya Juni au Desemba anakabidhiwa ya mama yake na bando la wiki. Hatukumwandaa kwa lolote.

Sasa nije kwenye kinachonifanya niandike barua hii badala ya kunung'unika na walimu wenzangu. Picha chafu zina madhara, sipingi. Lakini yanayoharibu maisha ya watoto ninaowajua yanafanywa na watu. Mtu mzima anayejifanya kijana wa miaka 17. Jirani anayemtumia binti vocha na bando, kisha anadai picha. Picha ikishatumwa, kinafuata kitisho: lete nyingine, au njoo mahali fulani, la sivyo nawapelekea wazazi wako na darasa zima. Ripoti ya Disrupting Harm ya mwaka 2022, iliyoandaliwa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ilikuta kwamba katika mwaka mmoja tu asilimia 4 ya watoto wa Kitanzania wenye miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili wa wazi wa kingono kupitia mtandao. Hao ni takriban watoto 200,000. Waliofanya ukatili huo, mara nyingi, walikuwa watu ambao mtoto anawafahamu tayari. Na wachache sana ndio waliofika polisi au kupiga simu ya msaada; wengine waliwaambia marafiki, au hawakumwambia mtu. Hakuna orodha ya tovuti zilizofungwa itakayomzuia mjomba.

Kwa nini hawasemi? Moja ya sababu naijua kwa karibu. Binti anaamini kwamba yeye ndiye mkosaji. Amesikia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu anayesambaza picha za ngono, na picha ni yake, aliituma kwa mkono wake. Anayemtisha anamwambia hivyohivyo: ukienda polisi tutafungwa wote. Mtoto anaamini, anavumilia, anaacha kula, anashuka kutoka nafasi ya tano hadi ya mwisho, na sisi walimu tunaandika kwenye ripoti kwamba ameanza uvivu.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, hapa ndipo ninapoihitaji serikali kwa moyo wangu wote, maana mzazi hawezi kuifanya kazi hii. Mimi sina uwezo wa kujua namba inayomtisha mwanafunzi wangu imesajiliwa kwa jina la nani. Wewe unao. Sina uwezo wa kuiandikia kampuni ya Marekani barua ikajibiwa. Wewe unao.

Mlifanya kazi nzuri kwenye utapeli wa fedha. Leo hata muuza mchicha anajua kwamba akipokea ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" atautuma 15040, na namba ya tapeli itashughulikiwa. Anajua pia kupiga *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Elimu hiyo ilipenya kwa sababu mliisema kila siku, kila mahali, kwa Kiswahili chepesi. Naomba juhudi ileile kwa anayemtisha mtoto. Namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ipo na ni bure, lakini ingieni darasani muulize wangapi wanaijua. Iwe kwenye kila ujumbe wa salio, kwenye ukuta wa kila shule, kwenye redio saa ambazo watoto wanasikiliza. Taarifa ikitoka huko ifike moja kwa moja kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi na kwenu, namba ya mtuhumiwa itambuliwe ndani ya saa chache. Na mkiwa pamoja na Mkurugenzi wa Mashtaka, tamkeni hadharani kwamba mtoto anayeleta taarifa ya picha yake mwenyewe hatashtakiwa. Tamko hilo halihitaji bajeti.

Kampuni za simu zina leseni zenu. Zilazimisheni ziuze laini ya mtoto, ambayo mzazi anaisajili akijua ni ya mtoto na anachagua mwenyewe kwa menyu ya kawaida, hata kwenye kitochi chake, nini kipite na saa ngapi ifungwe. Akitaka kuruhusu yote, ni uamuzi wake. Akitaka kuzuia yote ila masomo, pia ni uamuzi wake. Kampuni kubwa za mitandao nazo zibaneni kwenye lugha. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu ya UNESCO, na bado mwanangu akiripoti maoni ya matusi ya Kiswahili, jibu hurudi kwamba hayajavunja kanuni yoyote. Waweke wasomaji wa Kiswahili wanaojua mafumbo yetu na lugha ya mtaani, au walipe faini zinazouma kama za Australia.

Na endapo mtaona ni lazima tovuti fulani izuiwe kwa ajili ya watoto, orodha iwe wazi, sababu iandikwe, na aliyeonewa apate mahali pa kukata rufaa mbele ya mtu asiye wa ofisi yenu.

Naomba unijibu hadharani, kwa kuwa wanaosubiri jibu ni wazazi wengi. Na naomba 116 ianze kutangazwa kabla shule hazijafungwa Desemba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama na mwalimu,
Morogoro.