Njia za ndovu zisomwe kabla ya reli kuchorwa

KARIBU miongo mitatu sasa, ndovu wa Kenya wamekuwa wakivishwa kola zenye kifaa kinachowasiliana na setilaiti na kutuma, saa baada ya saa, habari za mahali walipo. Shughuli hiyo imeongozwa na Save the Elephants, shirika lenye ofisi zake mtaani Karen, Nairobi, ambalo lilianzishwa na Iain Douglas-Hamilton mwaka wa 1993, kwa ushirikiano na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Kola hizo zimefichua kwamba makao ya ndovu hayakomi kwenye mpaka wa mbuga. Mahali penye hatari, hupita usiku na kwa kasi; penye usalama, hutulia.

Maarifa hayo yamezaa matunda. Nyendo za ndovu dume aliyeitwa Mountain Bull zilisaidia kuonyesha njia iliyounganisha msitu wa Mlima Kenya na Lewa. Mwaka wa 2011 ushoroba ulifunguliwa huko, ukiwa na kivuko chini ya barabara ya Nanyuki-Meru. Majangili walimuua Mountain Bull mwaka wa 2014, lakini wenzake wangali wakiitumia njia hiyo.

Tsavo mambo yalikwenda kinyume. Ndovu kumi walivishwa kola Machi 2016 ili kuchunguza athari za reli ya kisasa (SGR), wakati ujenzi ulikuwa umeshika kasi. Ilibainika kwamba si wote waliovuka kwa wepesi. Lakini kufikia hapo tuta lilikuwa limekwisha kuinuliwa, na mtafiti akabaki kupima madhara badala ya kuyazuia.

Suala hili halipo mbali na wakazi wa jiji. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, yenye kilomita 117 mraba, imepitiwa na SGR juu ya nguzo tangu 2019. Upande wake wa kusini ndio mlango wa wanyama kuelekea nyanda za Athi-Kapiti, na pendekezo la kuuzungushia ua lilizua mzozo mwaka wa 2020.

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari za mradi zitathminiwe kabla ya ujenzi. Tathmini isiyo na rekodi ya nyendo za wanyama, za kiangazi na za masika, ni nusu tathmini. Wapo watakaodai kwamba kusubiri misimu miwili ni kuchelewesha maendeleo. Hata hivyo, kivuko huchorwa kwa kalamu leo. Kesho hudai tuta libomolewe.