Lawama Isiyo Mahali Pake
Mtu wa pwani afikaye Otonglo, soko lililo kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, akamsikia muuza omena akitamka "sida" badala ya "shida" na "masiwa" badala ya "maziwa", aghalabu humcheka. Na kicheko hicho ni dhuluma, kwa kuwa Kijaluo hakina sauti ya "sh" wala ya "z", na wala hakuna amchekaye mwenyeji wa Mvita asemapo "mato" na "nti" pale ambapo Kiunguja, lahaja iliyoteuliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, husema "macho" na "nchi". Linaloniudhi ni jingine kabisa: "kitabu yangu", "vitu mingi", na ile "kuja hapa!" iliyoinyang'anya "njoo" mahali pake, nami siwalaumu wachuuzi wa samaki, ambao lugha yao ya kuzaliwa haina ngeli kama zetu na udhuru wao ni bayana, bali nawalaumu watangazaji, mahakimu na wakuu wa ofisi waliokisoma Kiswahili darasani na kutahiniwa kwacho, hasa wale waliosoma baada ya mfumo wa 8-4-4 kulifanya somo hili kuwa la lazima mwaka 1985. Hao kanuni wanazijua, ila huzipuuza kwa kudhani kwamba kuchunga upatanisho wa maneno ni kujitia Umombasa, ilhali mtu akiteleza kwa neno moja tu la Kiingereza mbele yao, humsahihisha papo hapo.