Mbarika ya Makueni, Kichocheo cha Sicily

Mwezi Oktoba 2022 shehena ya kwanza ya mafuta ya mimea ya Kenya iliondoka Mombasa kwenda Gela, kisiwa cha Sicily. Yalikamuliwa Makueni, katika kiwanda kilichofunguliwa na kampuni ya Eni ya Italia Julai mwaka huo. Miongoni mwa mbegu zinazokamuliwa ni mbarika, ambayo wengine wetu twaiita nyonyo. Habari za mbegu na ajira zimeandikwa sana. Sisi tunataka kuitazama Gela.

Kule mafuta huchanganywa na haidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa, yakapitishwa juu ya kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko bila chenyewe kuliwa. Oksijeni iliyomo hutoka, sehemu kubwa kama maji, na kinachobaki ni dizeli ambayo injini haiwezi kuitofautisha na ile ya kisimani. Kichocheo cha pili huzipinda molekuli ili mafuta yasigande kwenye baridi. Teknolojia hiyo ni ya Eni na UOP ya Marekani. Tangu Januari 2025 Gela inatoa pia mafuta ya ndege, na mwezi huo huo ndipo sheria ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kudai asilimia 2 ya mafuta ya viwanja vyake vya ndege yawe ya aina hiyo. Mwaka 2030 itakuwa asilimia 6. Soko limeshawekwa kwa sheria, na huenda sisi tunaosafiri kwenda nyumbani tunalichangia kwenye tiketi.

Watanzania wanaujua wimbo huu. Bioshape ya Uholanzi ilikwenda Kilwa, Sun Biofuels ya Uingereza ikaenda Kisarawe, zote kwa ajili ya mbono kaburi. Kufikia 2011 miradi yote miwili ilikuwa imeanguka, na wanavijiji wakabaki wanadai ardhi yao. Makueni ni afadhali, tukubali: mkulima analima shamba lake mwenyewe na kuuza mbegu. Lakini akishauza, safari yake imekwisha.

Mombasa kuna kiwanda cha kusafishia mafuta, Changamwe, kilichoacha kusafisha mwaka 2013. Eni na serikali ya Kenya walipotia saini makubaliano mwaka 2021, kukigeuza kiwanda hicho kisafishe mafuta ya mimea kulitajwa. Eni si wageni wa kazi hiyo: Venice waliigeuza 2014, Gela 2019. Ni kazi ya gharama, maana haidrojeni nayo inataka mtambo wake. Basi wabunge waliopo Nairobi waulize: ni lini, kwa fedha ya nani, na hisa za nani?

Na waulize jambo moja zaidi. Mafuta ya mbarika yana asidi ambayo Wafaransa huitengenezea nailoni 11, plastiki ya mabomba ya hewa ya breki za malori. Malori hayo yanapita Makueni kila siku, barabara ya Mombasa, huku mbarika ikisafirishwa kwenda kuchomwa kama dizeli.